Profesa wa Chumba cha Kufulia

Saa moja na robo asubuhi, mashine sita za kufulia za hospitali zinanguruma kwa pamoja na hakuna anayesikia salamu ya mwenzake. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anavuta shuka lenye joto kutoka kwenye kikaushio, anamrushia mwenzake ncha mbili, wanalinyoosha, wanasogeleana, wanakunja. Linalofuata.

Wenzake humwita Profesa. Lilianza kama utani walipogundua ana shahada ya sanaa za maonyesho, jina likaganda.

"Niliingia hapa kwa miezi mitatu tu, nijishikize," anasema wakati wa chai, sauti ikiwa bado juu kama ya mtu anayeshindana na mashine. "Sasa ni kumi na nne. Si miezi. Miaka."

Kabla ya hapo aliigiza kwenye kikundi kilichozunguka mashuleni. Kikundi kilivunjika, mama yake akapooza, na jukwaa likabaki kitu cha kutazamwa kwa mbali. Kila Ijumaa akitoka kazini alipita nyuma ya ukumbi wa chuo kikuu, ambako madirisha huachwa wazi, akasimama kusikiliza wanafunzi wakifanya mazoezi.

"Roho ilikuwa inaniuma. Nikifika nyumbani siongei na mtu."

Mwaka huu aliomba kusomea shahada ya uzamili ya kubuni maonyesho ya kisasa. Huko waigizaji hawapewi tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Huitunga wenyewe kwa kujaribu na kukosea, wakitumia miili yao, vitu vya kawaida na kumbukumbu. Kwenye usaili alipewa dakika kumi aonyeshe chochote.

Alitoa shuka kwenye mkoba, akamwomba mhadhiri mmoja, mzee wa miwani, ashike upande wa pili.

"Alilikunja vibaya, nikamrudisha mwanzo mara tatu. Watu wakacheka. Tulipokaribiana nikamwambia, kuna dada mmoja nilikuwa nakaribiana naye hivi mara mia tatu kwa siku, miaka tisa. Siku moja mwaka jana hakuja kazini. Msibani ndipo nilipojua kuwa alikuwa na watoto wanne."

Mhadhiri, anasema, alibaki ameshika shuka.

Barua ya kukubaliwa ilifika baada ya wiki mbili. Ikabaki shida ya zamu, maana masomo ni asubuhi. Msimamizi wake, aliyekwisha kusimuliwa habari ya usaili, aliisoma barua mpaka mwisho, akairudia.

"Kwani huko wanasomea kukunja mashuka?" alimuuliza. "Basi mimi ningekuwa daktari wa falsafa zamani." Kisha akamhamishia zamu ya mchana kuanzia wiki ijayo.

Onyesho analotaka kulitunga linamhusu yule mwenzake aliyefariki. Kwa hiyo mwezi uliopita alikwenda kwa binti mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, kuomba ruhusa. Binti alimsikiliza, akauliza jambo moja tu: mama alikuwa anacheka kazini?

"Nikamwambia, sana, mwanangu. Lakini mashine zinameza sauti. Mimi nilikuwa naona mabega tu." Anainuka kwenye benchi na kuonyesha: kichwa chini, mabega yanapanda na kushuka. "Nikamwonyesha hivi hivi. Akalia. Akasema ndivyo alivyokuwa, ila nyumbani kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka nyumba ya tatu."

Kicheko hicho Profesa hakuwahi kukisikia hata siku moja.

Masomo yanaanza Jumatatu. Binti amekubali kuja mazoezini siku za Jumamosi, na wamekubaliana kwamba onyesho litakapokamilika, watu wa kwanza kuliona watakuwa wafanyakazi wa chumba cha kufulia, mashine zote zikiwa zimezimwa.

"Nilimwomba anichekee kama mama yake," anasema Profesa akifunga kitambaa kichwani kurudi kazini. "Akasema bado hawezi. Nikamwambia kozi ni ya miaka miwili. Nitamsubiri."