Dakota ya Asembo

"Mama Emma, hiyo sufuria kubwa hivyo mnamngojea nani?"

Debra, jirani wa mlango wa pili pale mtaani Migosi, aliuliza hivyo siku alipokuja kuomba chumvi. Sufuria ilining'inia ukutani juu ya kiti cha Wechuli, imesuguliwa ikang'aa, na haikuwa imeonja moto hata mara moja. Ilikuwa sufuria ya matanga, ile ya kupikia mji mzima. Nanyama alicheka, akasema wanamngojea mgeni. Akampa chumvi, akafunga mlango, na kicheko kikamfia mdomoni, maana mumewe Wechuli alikuwa amesikia yote pale kitini.

Wechuli alizaliwa upande wa Kimilili. Alikuja Kisumu ndevu hazijaota, akamfuata mjomba wake kwa mafundi wa sufuria pale Kibuye. Kazi yao ni kuyeyusha alumini kuukuu, pistoni za magari, vipande vya madirisha, chochote kinacholetwa, kisha wanaimimina kwenye udongo uliofinyangwa, na ikipoa wanafukua sufuria. Moshi wa tanuri ulimwingia kifuani tangu ujana na haukutoka tena.

Siku moja alitumwa Asembo Bay kununua masufuria yaliyotoboka. Nyuma ya kiwanda cha samaki kilichofungwa zamani, kwenye kiwanja cha nyasi, akaiona. Ndege nzima, tairi limepasuka, pua imeelekea juu kama ng'ombe anayenusa mvua. Mlinzi wa pale, mzee aliyeitwa Oketch, alimweleza kwamba hiyo ni Dakota. Ilibeba askari katika vita vya Wazungu, vita vikaisha ikashushwa cheo, ikawa inabeba minofu ya samaki, mpaka kampuni ikafa na kuiacha hapo kama mjane.

"Ingia uone, omera, ndugu yangu," Oketch alimwambia. "Haiumi."

Wechuli akaingia, na kusema kweli hakutoka tena. Tangu hapo alikuwa kama mtu mwenye maboma mawili. Jumapili baraka ikishatolewa tu, yeye huyo Asembo. Aliiosha kwa sabuni, akafyeka nyasi, akafukuza kuku waliotaga kwenye kiti cha rubani, akaziba matundu kwa vipande alivyovipiga mwenyewe. Mjini alinunua magazeti makuukuu ya ndege kwa wale wanaotandaza vitabu chini. Kiingereza hakikumwingia vizuri, lakini picha alizisoma zote. Alizibandika ukutani: Dakota, Spitfire, Hunter, Mig, na katikati yao picha ya Bwana Yesu iliyokuwa pale tangu harusi.

Nanyama, ambaye ni mama wa kanisa na hana mazoea ya kupaza sauti, alimwuliza kwa upole kama ni vizuri kumweka Bwana katikati ya ndege za kutupa mabomu. Wechuli akajibu kwamba Dakota haikutupa bomu, ilibeba watu na unga. Nanyama hakubishana. Alimhamisha Bwana ukuta wa pili.

Mara moja tu alikubali kwenda kuiona. Alikwenda kama mwanamke anayekwenda kumwona mke mwenza, amevaa vizuri na moyo umefungwa. Mvua ikawakuta huko, wakaingia ndani. Mlangoni mumewe alivua viatu. Miaka yote ya kanisa Nanyama hakuwahi kumwona akivua viatu. Aliketi akasikiliza mvua ikipiga yale mabati ya ndege, na aliporudi nyumbani alipiga magoti akamwomba Mungu aiondoe sanamu ile.

Halafu wakaja wale watu wa Nairobi. Walikuwa kikundi cha wapenda ndege, wana kamera ndefu kama mihogo, na kiongozi wao aliitwa Muchiri. Walikuwa wakija kila Agosti. Wakimaliza kupiga picha waliketi kwenye nyasi chini ya bawa, wakala samaki, wakabishana ni ndege gani iliyo bora kuliko zote duniani, kama vijana wanavyobishana juu ya timu ya Gor Mahia. Huyu Spitfire, huyu Mig, mwingine anaapa hakuna kama Hunter. Binti mmoja aitwaye Wangechi akamgeuzia Wechuli simu, akamwambia na yeye fundi achague.

"Spitfire ni bwana harusi," Wechuli alisema. "Dakota ni mama wa nyumba. Harusi ni siku moja."

Walicheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Yale maneno yalisambaa kwenye simu, watu wasiomjua wakawa wanamwita Mzee wa Dakota. Wakamwingiza kwenye kundi lao la wasapu. Mwaka ule walipiga kura, na ndege iliyoshinda haikuwa ya ng'ambo, ilikuwa ile ya Asembo. Muchiri akamshika Wechuli bega mbele ya watu, akamwahidi kwamba watakuja na lori refu waibebe, waiweke chini ya paa Nairobi, na jina lake liandikwe mlangoni.

"Lakini mpaka tuje, asiiguse mtu," alimwambia. "Mzee wangu, ukikubali ikatwe, umetuua."

Wechuli alitoa neno lake. Kwao Kimilili mtu akitoa neno ameweka rehani ukoo.

Kiwanja kile kilikuwa kimenunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, Wahome, naye alitaka kujenga mabanda ya kuku. Hakuwa mtu mbaya. Wechuli alimwendea akamsihi asubiri, watu wanakuja kuichukua. Wahome akasubiri. Mwaka ukapita, Wechuli akarudi kumsihi, kofia mkononi. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walipokuja na misumeno yao, alisimama mlangoni mwa ndege, na Oketch kando yake na rungu, wakaenda zao wakimtukana kwamba amezeekea upumbavu. Mwisho Wahome alimwita akamwambia kwamba ameheshimu mvi zake, lakini kuku hawataishi angani. Krismasi ikipita, inakatwa.

Wechuli alimpigia Muchiri. Simu iliita mpaka ikachoka. Akaomba binti yake Emmaculate amwandikie kwenye kundi, kila kitu, jina la Wahome, mwisho wa muda, njia ya lori. Majibu yalikuja mengi. Zile sura za kulia, mioyo iliyopasuka, mtu akaandika kwamba hiyo ni aibu kwa taifa. Muchiri alituma kidole gumba. Kabla ya jioni walikuwa wamerudi kubishana Mig na Fantom, nani angemwangusha mwenzake. Wechuli alikaa na simu mapajani, akimwuliza Emmaculate kila mara kama kuna jingine.

Krismasi ikapita.

Alumini ya upande huu wa ziwa, ikikatwa, inakwenda wapi kama si Kibuye? Lori liliimwaga mlangoni pa karakana ileile. Wechuli alivitambua viraka vyake mwenyewe. Mwenye karakana, Waliaula, alimwonea huruma, akamwambia arudi nyumbani, vijana watamaliza. Wechuli alikataa. Alisema mtu hazikwi na wageni ndugu zake wakiwapo. Akaomba jambo moja tu, isichanganywe na pistoni wala mikebe ya pombe. Aliiyeyusha peke yake, kipande kwa kipande, akimimina na kukohoa. Masufuria yale yalikwenda na wachuuzi mpaka Usenge, yanachemsha maji ya ugali kwenye harusi na matanga, na wanaokula hawajui. Moja kubwa alilibeba nyumbani kichwani.

Nanyama alimwona akiingia nalo. Alijua Mungu amejibu maombi yake, akatafuta shukrani moyoni, hakuipata.

Agosti wakaja wale wa Nairobi, kama vile hakuna lililotokea. Walikuta kuku. Waliuliza, wakaelekezwa Kibuye, na Wangechi akampiga Wechuli picha ameshika upawa wa kumiminia, kabla hata ya kumsalimia. Picha ikaenda kwenye kundi. Chini yake akaandika: Huyu ndiye aliyeyeyusha Dakota. Yale waliyomwita, Emmaculate alikataa kuyasoma kwa sauti. Kisha wakamwondoa.

Muchiri alifika Migosi mwenyewe, akasimama mlangoni. Hakukubali kuketi.

"Tulikuamini, Mzee," alisema.

Nanyama alitaka kumjibu kwa ukali, akakumbuka kwamba jawabu la upole hugeuza hasira, akampa chai. Muchiri akanywa wima, macho yakizunguka ukutani penye zile picha, yakaipita sufuria, yakaendelea. Alisema chai ni tamu, akaenda. Jioni hiyo Wechuli alibandua picha zote. Nanyama alitaka kumrudisha Bwana mahali pake, lakini ule ukuta ulikuwa umebaki na mabaka ya gundi, akaona aibu.

Tangu hapo kifua kilimshinda Wechuli. Kazi akaiacha. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba hakuna la kufanya ila kumpumzisha. Mvua za mwaka huu zilipoanza kupiga mabati, alimwita mkewe, akamwomba amfungulie dirisha asikie vizuri. Nanyama akadhani anataka kuombewa, akafungua Zaburi. Wechuli alimsikiliza mpaka aya ikaisha, akaitikia amina kama mtoto. Kisha akaionyesha sufuria ukutani kwa kidevu.

"Siku ya matanga yangu mpike chai kwenye ile. Wale wa kamera watakuja, wanapenda vitu vikishakufa. Wape chai, Mama Emma, wanywe washibe. Lakini usiwaambie ilikuwa nini."