Kitenge cha Kuficha Mkono

Mkono wangu wa kushoto nilizaliwa nao Bukavu, umejikunja kama wa mtu aliyekwapua kuku. Madaktari wanaita mtindio wa ubongo. Mama aliona aibu, ingawa neno hilo hakulitamka hata siku moja. Hapa Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kila Jumapili kabla ya kanisa, alinikanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese mpaka mkono ulegee, kisha akanifunga kitenge begani kuuficha. "Nyoosha, bantu banaangalia." Nikawa fundi wa kunyoosha.

Kwenye maji hakuna kitenge. Siku ya vijana kanisa lilitupeleka kwenye bwawa moja Lilongwe, na hapo Mmalawi mmoja mwenye sauti kubwa akaniona naogelea. Akasema kuna mashindano ya watu wenye ulemavu, yeye atanifundisha. Nilimcheka. Lakini kila Jumamosi nikawa napanda minibasi kupitia Lumbadzi, naenda na vumbi kichwani, narudi nanuka dawa ya bwawa. Mama alinung'unika, ila chapati za njiani hakuacha kunifungia.

Kabla ya kushindana, wapimaji wanakagua mwili wako ili wakuweke kwenye kundi la wanaofanana nawe. Asubuhi ya kupimwa mama alinikanda mara mbili. Na mimi, mjinga mkubwa, nikanyoosha mkono mbele yao kwa nguvu zote, natabasamu kama napigwa picha. Tulidhani ni mtihani wa kufaulu! Wakaniweka na wasichana waliopungukiwa vidole tu.

Siku ya mbio maji yalikuwa baridi, mkono ukajikunja mapema. Wenzangu walishajifunika taulo, mimi bado niko katikati. Watu wakanipigia yale makofi ya huruma, nayachukia mpaka leo. Nikamwambia kocha sirudi tena.

"Pole," akasema. "Wapimaji wamekuona, wanataka kukupima upya. Wakikuacha kwenye kundi hili, hata mimi nitakwambia uache."

Kwenye chumba cha wapimaji mama alikaa pembeni. Mpimaji, mwanamke mtu mzima, akaniambia nilale nilegeze mkono. Haki ya Mungu, sikuweza! Kila ukitaka kupanda, naushusha. Mwili ulishazoea kudanganya. Nikaanza kulia kwa hasira.

Mama akasimama, akanishika kiwiko. "Mutoto wangu iko hivi tangu nilimuzaa," akasema. "Mi njo nilimufundisha kuficha." Kisha akanigeukia: "Wacha ujikunje. Bakuone."

Mpimaji hakujua Kiswahili, ikabidi mimi mwenyewe nimtafsirie kwamba mama ndiye aliyenifundisha kuficha. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kifuani, ukatulia hapo. Mpimaji akaandika kwa muda mrefu.

Walinihamisha kundi. Mbio zilizofuata nilikuwa wa tatu, na wa pili nilimfikia miguuni kabisa. Nilitoka majini nacheka peke yangu. Tangu hapo nimeogelea mbio nyingi, nyingine nimeshinda.

Mama bado ananikanda, ila siku hizi ni baada ya mbio, misuli ipumzike. Kile kitenge anajifunga mwenyewe. Anasimama ukingoni mwa bwawa, anapiga kelele mpaka waamuzi wanamgeukia: "Ule wa mukono wa kujikunja, njo mutoto wangu!"