Chokaa Iliyokataa Kushika

Nilikausha chokaa kwa jiko la mkaa. Bora niseme mwenyewe mapema, maana aliyeniazima jiko hilo ni jirani yangu wa ukuta wa pili, mama asiyeweka neno akiba.

Wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Mbegani kuleta posa ya binti yangu. Binti aliniomba jambo moja tu: nisimwaibishe. Basi mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, nikapaka sebule chokaa kwa mkono wangu, siku moja kabla ya wageni. Alasiri ukuta ulikuwa bado mbichi.

Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha nne iliponiponza. Nilikumbuka kwamba chokaa hugeuka jiwe ikinywa hewa ya ukaa, na kwamba joto huharakisha mmenyuko. Jiko la mkaa linavyo vyote viwili! Nikaliwasha sebuleni, nikafunga madirisha, nikaketi barazani kama profesa. Magharibi haijaingia, ukuta ukawa mkavu kau.

Nilichosahau ni maji. Hewa ya ukaa haina habari na chokaa kavu. Sharti kwanza iyeyuke majini, iungane nayo, na muungano huo hauna haraka. Katika damu yetu kuna kimeng'enya cha kuuchapuza, ndiyo maana tunapumua bila kungoja foleni. Ukuta hauna damu. Ulikuwa na unyevu wake tu, nami nilikwisha kuufukuza.

Kesho yake mashangazi wa kijana mposaji wakaja na mabuibui meusi tii. Wakakaribishwa mkekani, wakaegemea ukuta kama ilivyo ada, wakala, wakasifu pilau. Waliposimama kuaga, migongo yote ilikuwa myeupe. Walipangusana taratibu, wakaaga kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi. Binti akajifungia chumbani.

Baada ya siku kadhaa ujumbe ukaja: ndoa ipo, ila ifungwe kwao Mbegani, ambako kuta ni za rangi ya mafuta. Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mimi nikaanza kulalamika: mbali, jua kali, mgongo wangu. Jirani, aliyekuwa amekuja kuchukua jiko lake, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Jirani, ukuta wako ulishafika Mbegani zamani, umebebwa na mashangazi. Umebaki wewe tu."