Nyoka Asiye na Kope

Mtaani walimwita Herufi, na jina likamkaa. Mpe ukuta, mpe bati, mpe mlango wa gari bovu, atakuandikia jina lako mpaka ujione tajiri. Herufi zake zilisimama wima, kivuli upande wa kulia, na hakuna aliyewahi kumkuta ameshika rula. Taabu ilianza alipoombwa kuchora kitu chenye uhai. Ng'ombe wake wa pale buchani alikuwa na miguu ya benchi, na wateja wakorofi walimuuliza mwenye bucha kama anauza na viti. Kuku wake alifanana na birika. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza.

"Baba watoto, wewe ukichora mnyama, sisi tuandae mazishi."

Herufi alicheka pamoja naye, lakini moyoni iliuma. Tangu ujana alitamani jambo moja tu: achore kiumbe, mtu apite, ashtuke.

Siku hizo mabango yalikuwa yakitoka kwenye mashine, yamejaa picha zinazong'aa, na brashi zake zikaanza kukaukia kwenye kopo. Ndipo binti mmoja mfamasia, aliyekuwa akifungua duka lake la kwanza la dawa pale mtaani, akamfuata nyumbani. Alitaka bango la mkono: kikombe, na nyoka aliyejizungusha kwenye shina lake.

"Nyoka kwenye dawa, mwanangu? Wagonjwa si watatimua mbio?"

"Ni alama ya zamani sana, mzee. Kuna watu wa kale walimwona nyoka akijivua gamba, wakasema huyu anazaliwa upya. Wakamweka kwenye uponyaji."

"Na wengine wakamwona huyohuyo wakashika fimbo," mkewe akadakia huku cherehani ikinguruma.

"Kweli, mama. Kuna waliomwabudu na kuna waliomlaani. Ila hakuna aliyempuuza."

Herufi akachora. Binti aliporudi kuangalia, aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Nyoka alikuwa na mwili wa mpira wa kumwagilia bustani, na kope nzito zilizoshuka nusu, mithili ya mtu aliyeshiba akapitiwa na usingizi.

"Mzee," alisema kwa upole uliouma kuliko matusi, "huyu amelala. Nami nafungua Jumamosi. Kama ni vigumu, acha tu, nitapeleka kwenye mashine."

Neno hilo lilimchoma. Bango likitoka kwa mashine, tena katika mtaa wake mwenyewe, nani atamwita tena?

"Nipe mpaka Ijumaa jioni," akasema.

Ukweli ni kwamba Herufi hakuwahi kumtazama nyoka. Akimwona, hutoka nduki, na mtu anayetoka nduki hageuki nyuma kukagua magamba. Kwa hiyo kesho yake alifunga safari hadi bustani ya wanyama, penseli mfukoni, akaingia nyumba ya nyoka akinyata. Mtunza nyoka, mwanamama aliyevaa mabuti ya mpira, alimtazama akatabasamu.

"Una bahati, baba. Huyu wa kijani macho yake yalikuwa na ukungu, leo yametakata. Atajivua muda wowote."

"Ana sumu?"

"Hana. Wewe ndiye unayemtisha."

Herufi akasimama mbali na kioo, karibu na mlango, kwa usalama wake. Nyoka akaanza kusugua mdomo kwenye tawi. Akasugua tena. Ngozi ikachanika pale mdomoni, na ghafla, lo! Kichwa kipya kikachomoza! Gamba la zamani likarudi nyuma likijipindua nje ndani, kama soksi inayovuliwa mguuni, na kila lilipopita rangi ilibaki ikiwaka, kijani ambayo Herufi hakuwahi kuichanganya maishani mwake. Alijikuta pua yake imegusa kioo. Hakujua amefikaje pale.

"Limetoka hata jichoni!" alipiga kelele. "Mama, umeona? Hata jichoni! Sasa kope zake ziko wapi?"

"Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kinachopitisha mwanga, kama kioo cha saa. Hulala bila kufumba."

"Hafumbi kabisa?"

"Kabisa. Na huo ulimi unaouogopa si wa kuuma, anakusanyia harufu."

Herufi alichora mpaka penseli ikawa butu, akaichonga kwa meno. Furaha ilimpanda kichwani. Njia nzima ya kurudi alitembea akisema peke yake, na watu wakampisha.

Ijumaa alijifungia uani, akatundika kitambaa mlangoni, akakataza mtu kuchungulia. Mkewe hakuwa na muda huo hata hivyo, alikuwa na sare za shule za kumaliza. Jioni Herufi aliegemeza bango lake la bati ukutani lipate upepo, akaenda bombani kuosha brashi.

Hapo ndipo mkewe alipotoka kwenda kuanua nguo.

Ukelele uliopigwa ulisikika mtaa wa pili. Herufi alikuja mbio, brashi mkononi, na mfamasia, aliyekuwa ndiyo kwanza anabisha hodi, akaingia bila kukaribishwa. Mkewe alikuwa amepanda juu ya ndoo, ameshika ufagio. Kandambili yake moja ilikuwa chini ya bango, na kwenye shingo ya nyoka, katika rangi mbichi, kulikuwa na alama ya kisigino.

"Umempiga!" Herufi alisema, na machozi yakamtoka. "Mama watoto, umempiga nyoka wangu!"

"Pole, mzee," binti alisema, macho hayabanduki kwenye lile jicho la dhahabu lisilo na kope. "Utaweza kuparekebisha?"

"Niparekebishe? Thubutu!"

"Hata mimi nilitaka kukuomba usipaguse."

Mkewe alishuka taratibu kutoka kwenye ndoo, akajitengeneza nguo, akakohoa kidogo.

"Haya, nimeona ni bati. Niletee kandambili yangu."

"Si umeona ni bati? Nenda kaichukue."

Alilitazama bango, akamtazama mumewe, akabaki palepale na mguu mmoja mtupu.