Mkamwana Aliyekaa Kwenye Mashine

Yesaya Osea Kibona, mwana wa Osea aliyechonga mawe ya msingi wa kanisa letu hapa milimani Ileje, mjukuu wa Kibona aliyefyeka msitu akapata shamba, ndiye huyu ninayemwandika, nami ni dada yake mkubwa. Miaka ishirini na sita aliongoza wabeba machela. Wajawazito aliowateremsha hospitali kwenye tope la masika siwezi kuwahesabu wote.

Lakini ugonjwa wake mwenyewe aliuficha. Damu chooni mwaka mzima, yeye anasema bawasiri. Alipokonda nikamkokota hadi Tunduma, tukapanda basi kwenda hospitali ya mbali. Ikawa saratani, mwisho kabisa wa utumbo mpana, mahali pembamba ambapo mkono wa mtu unabanwa. Madaktari wakasema ipo mashine ya kupasulia, na anayeimudu pale ni mmoja tu: Daktari Tumpale, mke wa Aliko, mwana wa Yesaya.

Yesaya akashuka kitandani, akatafuta viatu.

Sisi Wandali, baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Miaka tisa Tumpale akimwona njiani anaingia vichakani. Salamu zao nazibeba mimi.

“Dada, twende nyumbani. Nife na heshima yangu.”

“Heshima gani hiyo ya kuoza, wewe!”

Daktari Damiano, msaidizi wa Tumpale, akatupeleka tukaione mashine. Mikono minne ya chuma juu ya kitanda. Kiti cha mpasuaji kule pembeni, na kioo cha kutazamia.

“Mzee, kando ya kitanda chako nitakuwa mimi. Utafunikwa, yeye ataona utumbo tu. Mashine haijiendeshi. Akisogeza kidole kule, nayo inasogea huku, wala haitetemeki.”

“Hatageuka?”

“Akitoa uso kwenye kioo, mikono yote inasimama.”

Yesaya akavua viatu.

Matundu madogo matano tumboni, basi. Kesho yake alisimama. Mfuko wa kupokea choo tumboni aliuvaa miezi mitatu, ukaondolewa. Leo analima. Mungu asifiwe, na vidole vya binti yule visifiwe pia.

Krismasi Tumpale alikuja, akapiga magoti nyuma ya mlango. Nikajiandaa kubeba salamu, Yesaya akanizuia. Akageuza kiti, akampa mgongo, uso ukutani.

“Mwanangu Tumpale,” akasema, mara ya kwanza kwa kinywa chake, “machela mimi nimeitua. Wanaume wa hapa wanaficha damu kama nilivyoficha. Jumapili baada ya ibada simama, uwaambie wakapimwe. Mimi nitakaa nje, dirishani, nikusikie.”