Mimi Ndiye Niliyemwacha Ita Prunty Kituoni

Nimewahi kupigwa na soseji zangu mwenyewe, ndani ya bucha langu mwenyewe, na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona maishani.

Alilipa kwanza. Kwa hilo namsifu.

Nusu kilo ya soseji za nguruwe. Nikamfungia vizuri, nikamwambia karibu tena mama. Akanikazia macho.

"Wewe ndiye Colman?"

"Ndiye mimi."

Paaa! Shavu la kushoto.

"Hiyo ni ya Nessa!" akasema kwa lafudhi ya Kijerumani, akaokota soseji zake, huyoo akaondoka.

Msiniulize Nessa ni nani. Nessa hayupo. Nessa ni msichana wa kwenye riwaya.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mji wetu wa Kilbranagh una kanisa, baa nne, bucha langu, na Ita Prunty. Ita ni binti wa fundi viatu. Aliondoka hapa mwaka 1979 na sanduku moja, akaenda Dublin, akaandika riwaya ishirini na mbili. Zinauzwa mpaka viwanja vya ndege.

Ile ya kwanza ndiyo iliyoniponza. Nessa amekaa kituo cha basi cha mji mdogo, anamsubiri mchumba wake Lorcan watoroke wote. Lorcan haonekani. Mwoga, mchoyo, mtoto wa mama. Basi linaondoka, Nessa analia.

Sasa mimi, mwaka huohuo 1979, nilicheza muziki na Ita mara mbili kwenye ukumbi wa parokia. Nikamwahidi kwamba siku ya safari yake nitamsindikiza kituoni.

Sikwenda. Mama alinituma nipeleke maini kwa padri. Nilimwona Ita kupitia dirisha la bucha, amekalia sanduku kituoni ng'ambo, macho barabarani. Roho iliniuma, lakini ningemwambia nini mama?

Riwaya ilipotoka miaka mitatu baadaye, mji mzima ukaninyooshea kidole. Lorcan ni Colman Geraghty, nani mwingine? Padri alikilaani kitabu hicho madhabahuni. Hakuwa amekisoma. Alisimuliwa na mpishi wake, naye mpishi alisimuliwa saluni.

Na mimi je, nilikisoma? Nikisome cha nini? Nilikuwepo!

Tena niseme ukweli, kulikuwa na utamu wake. Wageni walininunulia bia nyeusi ili niwasimulie. Natikisa kichwa polepole, nasema, "Ningejua tu kwamba angelia vile..." Wamarekani wanafuta machozi, glasi ya pili inakuja. Kadiri miaka ilivyokwenda nikaongeza busu. Baadaye nikaongeza pete.

Lakini soseji? Hapana. Nina miaka sitini na saba, nina wajukuu. Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni akaniuliza, "Babu, ni kweli wewe ni mtu mbaya?" Siku hiyo sikula.

Halafu ndipo akaja Concepta Tansey, mwenyekiti wa kamati ya kupendezesha mji.

"Colman, Jumamosi Ita anakuja kuzindua benchi pale kituoni. Benchi la Nessa. Kamati inakuomba ushinde kwa dada yako siku hiyo."

"Yaani nafukuzwa mjini kwangu?"

"Nani kakufukuza? Tunaomba tu usionekane. Si unaweza? Mbona siku ile hukuonekana!"

Nilipandwa na mori. Mke wangu Goretti alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Soma kitabu kwanza, Colman."

"Sisomi uongo unaonihusu."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata herufi!"

Jumamosi nikavaa tai yangu ya harusini, nikaenda. Ukumbi wa parokia umejaa mpaka mlangoni, chai inamiminwa, mikate ya magadi na siagi inapita. Ita amekaa mbele na mtandio wa zambarau. Kazeeka, lakini macho yale yale.

Ukafika muda wa maswali. Nikasimama. Concepta akafumba macho.

"Ita Prunty," nikasema. "Miaka arobaini umenifanya katili mbele ya dunia nzima. Napigwa dukani. Wajukuu wangu wananiogopa. Leo, mbele ya padri na watu wote hawa, niombe radhi."

Ita akavaa miwani, akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara.

"Samahani bwana. Wewe ni nani?"

Jamani!

"Colman! Colman Geraghty wa bucha! Nilikuona dirishani ukinisubiri kituoni!"

"Mimi? Sikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa nasubiri basi."

Kuna mtu nyuma alipaliwa na chai.

"Na Lorcan je?" Concepta akaropoka, maana benchi lilishalipiwa. "Lorcan si huyu hapa?"

"Lorcan nilimtunga, dada. Ningempata wapi Kilbranagh? Ili mwanaume akuache kituoni, lazima kwanza athubutu kukuomba mtoroke. Hapa walikuwa wanaomba ruhusa kwa mama zao hata kwenda kunyolewa."

Wanawake wakapiga makofi. Wanaume tukatazama sakafu.

"Ngoja kwanza," Ita akasema. "Bucha? Dirishani? Kumbe wewe ndiye wa maini!"

Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti. "Dirishani mwa bucha kijana mwenye masikio makubwa alimpungia mkono, na mkononi alikuwa ameshika ini. Nessa akacheka. Hakucheka tena katika mji ule."

Akafunga. "Hilo sikulitunga. Ukurasa wa kumi na moja. Kwani hakuna hata mmoja wenu aliyefika ukurasa wa kumi na moja? Nani hapa amekisoma?"

Watu mia mbili. Padri akanywa chai kwenye kikombe kitupu. Concepta akakagua dari.

Mkono mmoja tu ukanyooshwa. Wa Goretti.

Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza Goretti, "Ulijua?"

"Tangu tukiwa wachumba."

"Ukaniacha miaka yote hii nijidanganye?"

"Colman, ulikuwa unarudi kutoka baa umenyoosha mgongo. Ungeunyoosha hivyo kwa ajili ya ini?" Akanishika mkono. "Halafu mimi niliolewa na muuza nyama, mji ukaamua nimeolewa na mwanaume hatari. Mashoga zangu wakanionea wivu. Nilalamike ili iweje?"

Jumatatu nikafungua duka. Wateja wananisalimia, "Habari za asubuhi, Masikio!" Baa hakuna aliyenikaribisha hata maji. Mjukuu wangu haniogopi tena. Ananicheka.

Alhamisi wakaingia kinamama wawili, wageni, wananong'onezana. Mmoja akanunua soseji. Nusu kilo.

"Samahani," akasema, anazipima uzito mkononi. "Wewe ndiye Colman? Yule aliyemwacha kituoni?"

Goretti ananitazama kutoka kaunta ya nyuma.

Nikavua kofia.

"Ndiye mimi," nikasema, nikamgeuzia shavu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisikia umeandikwa vibaya, kisome kwanza kitabu kabla hujasimama mbele za watu. Unaweza kukuta hukuandikwa kabisa. Na hilo, amini nakwambia, linauma kuliko soseji.