Siku Baba Alipofika na Akina Mama wa Soko

Kamba ya mama ilikuwa na harufu yake. Ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, na ukipita hapo ilikuvaa harufu ya jasho, ya moshi wa mikaratusi na ya majani ya vitunguu, vyote kwa pamoja. Ilikuwa kamba pana iliyosukwa kwa nyuzi za mgomba, laini pale katikati ilipokutana na paji la uso. Kwetu Butembo mwanamke habebi mzigo kichwani. Mzigo unakaa mgongoni, kamba inauzunguka na kupita kwenye paji la uso, naye anatembea ameinama, macho ardhini, mikono ikiwa huru kushika mtoto au kujishikilia kwenye mlima. Mwanamume anaweka gunia begani, au analisukuma kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Lakini kamba hagusi. Mwanamume mwenye kamba kwenye paji la uso angechekwa kuanzia sokoni hadi kanisani, na Jumapili inayofuata bado wangekuwa wanamsimulia.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila kamba hiyo sina cha kusimulia. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na ilikuwa miaka ile ya vita ambapo wakubwa walibadilika kabla hatujajifunza majina yao. Sisi watoto tulihesabu vita kwa mambo madogo. Chumvi imekosekana. Mwalimu hajaja. Ukungu wa asubuhi umeondoka milimani na bado hakuna aliyefungua duka. Mwaka huo vita ilituchukulia baba. Namshukuru Mungu kwamba haikumuua, bali ilimweka tu upande wa pili.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu wa kukaa, mnene wa tumbo, mwembamba wa miguu, na alipopanda mlima wa kwenda misani alisimama mara kwa mara akijifanya anatazama mashamba ya watu. Kabla ya Pasaka alikuwa ameitwa Mutwanga, kule chini ya Ruwenzori, kushona mavazi ya kwaya. Alipanda pikapu na cherehani yake akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Akashona, kwaya ikaimba, na alipofika Beni, mji ulio njiani kurudi kwetu, akakuta njia imefungwa. Askari walikuwa wameweka kizuizi kwenye daraja la magogo upande wa kwetu, na mwanamume yeyote kutoka Beni hakuruhusiwa kupita, maana kila mwanamume alidhaniwa kuwa mpelelezi wa wengine. Akina mama wa soko peke yao ndio walioachwa wapite na mizigo yao, kwa kuwa hata askari wanakula.

Hao akina mama ndio waliokuwa redio yetu. Walituambia baba anakaa kwa katekista fulani, anarekebisha suruali za watu, amekonda kidogo. Mama alipokea habari hizo akiwa amesimama, akasema asante, kisha akarudi jikoni. Kila jioni alipakua sahani ya baba, akaifunika, na asubuhi mimi na mdogo wangu Mbusa tukaila sombe yake, majani ya muhogo yaliyopoa, bila kuulizana kitu. Nilimkosa baba sana. Nilikosa hata sauti ya cherehani ambayo zamani ilinikera nikisoma.

Msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, vijana wa parokia walileta wazo la mbio. Waliziita maratoni, ingawa hakuna aliyezipima. Komanda aliyekuwa akitawala pande zetu wakati huo, mtu aliyetoka mkoa wa mbali na kupenda michezo kupita kiasi, alikubali mara moja, maana alitaka watu waone kwamba amani imerudi. Mbio zingeanzia kwenye kilima upande wa Beni, ng'ambo ya kizuizi, zipite daraja la magogo, na kuishia kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu. Barabara kubwa ilikuwa imekatwa na mvua na watu waliiogopa, kwa hiyo wangekimbia kwenye kijia cha akina mama wa soko, chembamba, chekundu, chenye utelezi, kinachopanda na kushuka bila huruma. Komanda aliweka sharti moja. Kila aliyevaa namba angeachwa apite darajani mpaka kengele ya adhuhuri, ile ya sala ya Malaika wa Bwana. Kengele ikilia, kizuizi kinafungwa kama siku zote.

Hapo ndipo maratoni ilipopata wakimbiaji. Wauza mafuta ya mawese waliokwama ng'ambo walijiandikisha, mwalimu wa hesabu mwenye viatu vya ngozi akajiandikisha, na wazee ambao tangu ubatizo wao hawakuwahi kukimbia hata kuikimbia mvua. Siku chache kabla, mama mmoja wa soko aliweka mzigo wake kwenye ukuta wetu, akajipangusa uso, akampa mama ujumbe kutoka kwa baba.

"Anasema umungojee. Ye pia atakimbia."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaendelea kukaa, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yake hayakuwa tena ya mtu anayecheka.

Siku ya mbio tulikuwa uwanjani mapema. Mama alivaa kitenge chake cha misa, akabeba chupa ya chai iliyofungwa kwa sweta ili isipoe. Wa kwanza walifika jua likiwa bado laini: vijana wembamba kutoka Oicha, miguu myekundu kwa udongo mpaka magotini, wakashangiliwa na kubebwa juu. Baada yao wakaja wale tuliokuwa tukiwangojea hasa. Hao hakuna aliyejali ni wa ngapi. Mwanamke angetoka katikati ya watu, atembee taratibu kama anayekwenda kuteka maji, na kabla hajafika kwa mumewe anaanza kukimbia. Mwalimu wa hesabu alifika na kiatu kimoja. Nilitazama kila tumbo lililojitokeza kwenye miti, na kila tumbo lilikuwa la mtu mwingine.

Kisha kengele ikalia. Watu waliinamisha vichwa, na padri akaongoza sala pale pale katikati ya uwanja. Mama hakuinamisha kichwa. Alitazama kijia mpaka sala ikaisha. Wakafika wachache waliokuwa wamevuka daraja kabla ya kengele, halafu mmoja peke yake akichechemea, halafu hakuna mtu. Mbusa aliuliza kama baba amekufa, nami nikamfinya, kwa sababu swali lake lilikuwa langu. Uwanja ulianza kuwa mtupu. Jirani mmoja alimwambia mama kwa upole kwamba ni afadhali twende nyumbani, komanda labda atafanya mbio nyingine mwakani. Mama alimshukuru, akaangalia kama chai bado ina moto, akabaki amesimama.

Waliofuata walikuwa akina mama wa soko, kama kila siku saa hizo. Walitokea kwenye mikaratusi mmoja nyuma ya mwingine, wameinama, mizigo mirefu kuliko wao. Niliwatazama bila kuwaona, mpaka Mbusa akasema kwamba mama mmoja amevaa suruali. Alikuwa katikati ya msafara, ameinama kupita wote, gunia la muhogo mgongoni na mkungu wa ndizi juu yake, kamba imekaza kwenye paji la uso. Kifuani alikuwa na namba. Wenzake walikuwa wamepachika namba zao kwa pini, lakini ya huyu ilikuwa imeshonwa, mshono mara mbili pande zote nne, kama mfuko wa shati la askofu. Nyuma yake alitembea mukaka mmoja, bibi mzee mdogo wa mwili, akishikilia ncha ya gunia na kumwelekeza pa kukanyaga.

Baadaye walitusimulia wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Baba alikuwa wa nyuma tangu mwanzo, lakini alikuwa na muda wa kutosha. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani alimkuta mukaka huyo amekaa kwenye ukingo wa njia, mgongo kwenye mzigo, kamba tayari kwenye paji la uso. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mzigo wa kamba hauinuki peke yake, na ukimkuta mama amekaa hivyo unamshika mikono na kumvuta mpaka asimame, hata kama humjui, hata kama mna ugomvi. Siku hiyo wakimbiaji wote walikuwa wamempita, wakisema watamsaidia wakirudi, na wala hakuna aliyekuwa na nia ya kurudi. Baba naye alimpita. Akaenda hatua kadhaa, akasikia aibu kwenye shingo, akarudi. Alimvuta mukaka akasimama, lakini magoti ya mukaka yakakataa, akakaa tena. Baba akajaribu gunia begani, likamtelezesha kwenye matope. Ndipo mukaka akavua kamba kwenye paji lake, akamvika.

Alimfundisha njiani. Usikaze shingo. Tazama chini, mlima utaisha wenyewe. Walikuwa bado hawajauona mto waliposikia kengele ikilia mjini, na baba alituambia wazi kwamba alilia hapo, akiwa ameinama, machozi yakidondoka moja kwa moja kwenye udongo. Alijua kizuizi kimefungwa. Alijua tuko uwanjani. Lakini mzigo wa mtu haukuweza kutupwa kwenye matope, basi akaendelea kutembea.

Darajani, ambako akina mama wengine walikuwa wamewafikia, askari kijana, aliyekuwa akiongea Lingala na Kiswahili cha kubahatisha, alimwambia course, yaani mbio, imekwisha, arudishe namba. Akajaribu kuibandua. Mshono wa baba ukakataa. Mukaka akajisogeza katikati yao.

"Huyu anabeba muzigo yangu," alimwambia askari. "Akibaki hapa, muzigo inabaki naye. Na mimi nabaki na weye. Utanipikia?"

Askari akamtazama mukaka, akamtazama mwanamume mnene aliyeinama na kamba ya wanawake usoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea gogo la kizuizi, na alipomaliza kucheka akaliinua. "Leka, papa," alisema. Pita. "Pita na bamama benzako."

Basi ndivyo baba alivyoingia uwanjani. Waliobaki walicheka pia. Mmoja alisema kwa sauti kwamba fundi ameenda Mutwanga mwanamume na amerudi mama wa soko. Baba alisikia, na kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa, aliendelea kutafuta miguu ya mama kwa macho, maana ndiyo aliyoweza kuiona. Mama alitembea taratibu hadi kwake. Aliushika mzigo kutoka nyuma, akaushusha, akamvua kamba, akaufuta kwa kitenge chake cha misa ule mstari mwekundu uliokuwa kwenye paji la uso. Kisha akamgeukia yule mchekaji.

"Mucheke tu," alisema. "Ye amefika."

Baba alikunywa chai yote bila kupumzika. Mukaka alipewa kiti kwetu, sombe na ugali, na alipoondoka alimwambia baba "wasingya", asante, akamwachia kamba. Alisema nyumbani anazo nyingine, na mkimbiaji asirudi bila zawadi. Ikatundikwa kwenye msumari pamoja na ya mama. Jioni hiyo mama alipakua sahani na hakuifunika. Nililala kwa sauti ya sahani zikioshwa na ya baba akieleza upya jinsi ya kutokukaza shingo.

Sasa mimi ni muuguzi, nafanya kazi Oicha, kupita Beni. Siku hizi tuna simu, na habari hazingoji tena mama wa soko aweke mzigo ukutani. Hilo ni jema, ingawa habari mbaya nazo zimejifunza kukimbia. Vita ile ilipewa mwisho kwenye redio, lakini njia yetu haikuambiwa. Kuna wiki inapitika, kuna wiki haipitiki, na sasa mimi ndiye ninayekaa upande wa pili. Pikipiki zinapita kasi, na mara nyingi naona mama amekaa ukingoni na kamba kwenye paji la uso, watu wakimpita. Ninamwomba dereva asimame. Analalamika, lakini anasimama.

Mama alituacha miaka kadhaa iliyopita, na baba hawezi tena hata ule mlima wa kanisani, achilia mbali kujifanya anatazama mashamba. Anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Juzi njia ilifungwa tena, nikampigia kumwambia kwamba sitakuja Jumapili, na pengine hata Jumapili nyingine. Nilijikaza nisilie, lakini mtu aliyenikosa msimu mzima anaijua pumzi yangu. Kisha nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, taratibu, mpaka upande wa jiko, na msumari ukilia ukutani.

"Usiogope, mama," aliniambia, kama anavyoniita tangu utoto. "Kamba iko. Nitakuya kukutoa huko."